Afisa ametuachia barua tuitie saini: je, chama chetu Minnesota kiisemee Kenya mbele ya Bunge la Marekani?

"Mwalimu, pokea salamu. Mimi ni muuguzi, naishi Brooklyn Park, Minnesota, na ni katibu wa chama cha ustawi cha Wakenya wa hapa. Tuko kaya zipatazo sitini. Kaka yangu ni mkulima wa kahawa Kirinyaga, na kila tukizungumza kwa simu huniuliza sisi tulioko Amerika tunafanya nini ili soko la huku lifunguke. Mwezi uliopita tulitembelewa na afisa wa serikali ya nyumbani. Alitusihi tuwe 'mabalozi', akatuachia barua iliyokwisha kuandikwa ya kuitetea AGOA, ile sheria ya Marekani ya kuziondolea ushuru bidhaa za Afrika, akataka tuitie saini na kuipeleka kwa mbunge wetu. Nusu ya wanachama wamekubali. Nusu wanaogopa: baadhi yao wana kadi ya kijani tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na wengine wanasema ukijiingiza katika siasa za huku utapoteza uraia wa Kenya. Mhazini naye anasema chama chetu ni cha hisani kisicholipa kodi, kwa hiyo hakiruhusiwi kabisa kuzungumza na wabunge. Nani yuko sahihi, na je, haya yote yatamsaidia kaka yangu?"

Ndugu Katibu,

Swali lako limebeba maswali matatu kwa pamoja: kama mnaruhusiwa, kama barua hiyo ni ya kutiwa saini, na kama kaka yako atapata chochote. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu naona ndilo lililokukalisha chini ukaandika, na kwa sababu jibu lake linabadilisha namna ya kuyajibu hayo mengine mawili.

Kahawa ya kaka yako haiihitaji AGOA. Kahawa ambayo haijakaangwa huingia Marekani bila ushuru wa kawaida wa forodha, iwe imetoka Kenya, Kolombia au Vietnam, na chai nyeusi ya Kericho ni vivyo hivyo. Ni kweli kwamba mwaka 2025 kulikuwa na miezi kadhaa ambapo ushuru wa ziada wa asilimia 10, uliotangazwa mwezi Aprili, uliikumba kahawa ya Kenya pamoja na bidhaa nyingine nyingi, lakini kahawa na chai ziliondolewa katika ushuru huo mwezi Novemba mwaka huohuo, na ushuru wenyewe ulikuwa jambo jingine kabisa, si AGOA. Kwa hiyo barua mliyoachiwa, hata ikisomwa na Rais mwenyewe, haitaongeza shilingi moja katika kilo ya kahawa ya Kirinyaga.

Anayeihitaji AGOA ni mtu mwingine: mshonaji aliyeketi nyuma ya cherehani katika viwanda vya kuuza nje vya Athi River. Fulana ya pamba inapoingia Marekani bila nafuu yoyote hutozwa ushuru wa asilimia 16.5, na ile ya nyuzi za viwandani hutozwa asilimia 32. Sheria ya AGOA, iliyotiwa saini Mei 2000, iliufuta ushuru huo kwa nchi za Afrika zilizotimiza masharti, na kwa nchi kama Kenya ikaruhusu hata kitambaa kitoke nchi ya tatu, ilimradi nguo ishonewe nyumbani. Muda wa sheria hiyo ulikwisha tarehe 30 Septemba 2025 kabla Bunge halijaurefusha. Mnunuzi wa nguo huweka oda miezi mingi kabla ya kuziona dukani. Asipojua ushuru utakuwa kiasi gani siku mzigo utakapofika bandarini, huipeleka oda hiyo nchi nyingine, na hakuna sheria ya kurefusha inayoweza kuirudisha. Kuitetea AGOA ni jambo lenye maana, basi, lakini itetewe kwa jina la mshonaji. Mkiingia kwa mbunge mkaitetea kwa jina la kahawa, msaidizi wake atafungua jedwali la ushuru, ataona sifuri, na kuanzia hapo hatawasikiliza tena.

Kinachombana kaka yako kiko kwingine. Sheria ya usalama wa chakula ya Marekani ya mwaka 2011 inamtaka mwagizaji aonyeshe kwa maandishi kwamba amemchunguza mwenye kumuuzia. Kituo cha ng'ambo kinachotayarisha, kufungasha au kuhifadhi chakula kinachokwenda Marekani sharti kisajiliwe na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko, usajili uhuishwe kati ya Oktoba na Desemba kila baada ya miaka miwili, na kiwe na wakala anayeishi Marekani. Taarifa ya mzigo nayo hutangulizwa kabla mzigo haujatia nanga. Hakuna hata moja kati ya haya linaloondolewa kwa barua ya mbunge, na karibu yote ni kazi ambazo mtu wa huko mliko, anayejua Kiingereza cha ofisi na anayeaminika kijijini, anaweza kuzifanya au kumtafutia ushirika mtu wa kuzifanya. Mwagizaji mdogo ambaye mauzo yake ya chakula hayafiki dola milioni moja kwa mwaka amewekewa masharti mepesi zaidi.

Sisemi mnunue kontena. Kontena la futi ishirini hubeba magunia 320 ya kilo 60, zaidi ya tani 19, na huo si mzigo wa chama cha kaya sitini. Lakini mkaangaji mdogo wa Minneapolis anaweza kununua magunia kumi yanayopanda kontena la mwagizaji mwingine, na ushirika wa kaka yako unaweza kuuza kwa mkataba wa moja kwa moja badala ya kusubiri mnada wa Nairobi peke yake. Mpelekeeni mkaangaji huyo sampuli, mwambieni kahawa hiyo imetoka kiwanda gani na msimu gani. Wenye kahawa nzuri wanasahau kutaja msimu, na mkaangaji huuliza hilo kabla ya kuuliza bei.

Sasa nije kwenye neno hilo "mabalozi", ambalo naliona limewapoteza watu wengi. Wengi hudhani kuitetea nchi ni kuisifu: siku ya utamaduni, bendera, hotuba, picha na meya. Sina ugomvi na nyama choma. Ila anayetaka kujua jinsi sera inavyosogezwa na aitazame hadithi ya mitumba.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya kwetu vipumue. Machi 2017, chama cha Marekani cha wafanyabiashara wa nguo zilizokwisha kuvaliwa na vitambaa chakavu, kinachojulikana kama SMART, kilipeleka ombi kwa Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Kilidai kwamba hatua hiyo inavunja masharti ya AGOA na kwamba ajira zipatazo 40,000 za Wamarekani zilikuwa hatarini. Kenya ilirudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata, na Rwanda, iliyokataa, ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwa nguo zake mwishoni mwa Julai 2018. Fikiria hilo: chama cha wauza mitumba kimezipindisha serikali tatu na kuiadhibu ya nne, bila ubalozi wala ngoma. Kilikuwa na kifungu cha sheria cha kushikilia, kilikwenda katika ofisi ambayo kwa mujibu wa sheria hiyo ilikuwa na uwezo wa kuchukua hatua, na kilikuwa na hesabu, hata kama wewe na mimi tunaweza kuitilia shaka, iliyowahusu wapiga kura wa Marekani wenyewe.

Mlango wa namna hiyo mara nyingi ni mdogo na hauna mvuto wa kuandikwa gazetini. Kwa zaidi ya muongo mmoja wakulima wa ngano wa Washington, Oregon na Idaho hawakuweza kuuza ngano yao yote nchini Kenya kwa sababu ya hofu ya kuvu linaloshambulia ngano. Uhasama wa kisiasa haukuwepo, kulikuwa na kuvu tu, hadi Januari 2020 nchi hizo mbili zilipokubaliana juu ya utaratibu wa kuithibitisha mizigo. Wakenya walioko Marekani nao waliililia ndege ya moja kwa moja miaka nenda miaka rudi. Kilichofungua njia ni Daraja la Kwanza la usalama wa anga ambalo Kenya ilipewa na mamlaka ya anga ya Marekani Februari 2017, kisha ukaguzi wa ulinzi wa uwanja wa Jomo Kenyatta, ndipo tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi kwenda New York. Kilio kilionyesha kwamba abiria wapo, lakini ukaguzi ndio ulioirusha ndege.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote, jiulizeni: tunachotaka kinaamuliwa na nani? Urefushaji wa AGOA huamuliwa na Bunge, na ndani ya Bunge huanzia katika Kamati ya Njia na Uwezo ya Baraza la Wawakilishi, yenye kamati yake ndogo ya biashara, na Kamati ya Fedha ya Seneti. Kama mbunge wenu hayumo humo, ombi lenu kwake ni aunge mkono muswada unaotajwa kwa namba yake, au awaandikie wenzake waliomo. Swali la kama Kenya inaendelea kustahili nafuu hiyo ni jingine. Hilo hupitiwa kila mwaka na Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara, ambayo hutangaza muda wa kupokea maoni ya maandishi. Kupeleka maoni hayo hakuhitaji kuwa raia wala kuwa na wakili, na nimesikitika mara nyingi kuona makampuni na vyama vya wafanyakazi vimeandika huku vyama vyetu vikiwa kimya.

Niwaonyeshe ilivyo ndani ya chumba. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na kundi la Wakenya kwenda katika ofisi ya jimboni ya mbunge mmoja. Walivaa suti, walileta kiondo kizuri, na walikuwa na waraka wa kurasa tisa ulioanza na mwaka 1963. Tulipokewa na msaidizi, msichana wa miaka kama ishirini na sita mwenye daftari, na hiyo haikuwa dharau, kwa maana wasaidizi ndio wanaomwandalia mbunge msimamo wake. Alikipokea kiondo kwa adabu, akauliza thamani yake kwa sababu ya kanuni za zawadi, kisha akauliza, "Mngependa mheshimiwa afanye nini?" Mwenyekiti wetu akaanza kueleza uzuri wa Maasai Mara. Dakika ishirini zikaisha, daftari likiwa tupu. Nendeni ninyi na ukurasa mmoja, ombi moja, na watu wanne: mpiga kura wa jimbo hilo, mwenye biashara inayoajiri hapo, muuguzi kama wewe ambaye wagonjwa wa jimbo wanamjua, na mmoja wa kuandika. Mwezi Agosti, Bunge likiwa mapumzikoni, wabunge hurudi majimboni na ofisi hizo huwa rahisi kufikika.

Barua mliyoachiwa, nawashauri msiitie saini. Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya usajili wa mawakala wa nchi za nje ya mwaka 1938, ambayo huko huitwa kwa ufupi FARA, inamtaka mtu anayefanya kazi ya kisiasa ndani ya Marekani kwa amri, ombi au maelekezo ya serikali ya nje ajisajili katika Wizara ya Sheria. Watu hudhani sheria hiyo ni ya majasusi au ya wasio raia. Inamhusu hata raia aliyezaliwa Minneapolis, na haiulizi kama amelipwa. Si kila ombi linalomgeuza mtu kuwa wakala, maana wanasheria hutazama mambo mengi: nani aliyeanzisha wazo, nani aliyeandika maneno, nani anayepewa ripoti baadaye. Lakini barua iliyoandikwa na afisa wa serikali, ikachapwa kwa jina la chama, ikapelekwa kwa tarehe aliyoitaka yeye, ni mahali pabaya pa kujaribia mpaka wa sheria. Kuhudhuria mkutano wa ubalozi na kuuliza takwimu ni jambo tofauti. Kama mnakusudia kushirikiana na serikali ya Kenya kwa karibu zaidi ya hapo, muoneni ana kwa ana wakili anayeijua sheria hiyo kabla ya kuanza, si baada ya kuulizwa.

Sababu ya pili, nami naiona nzito kuliko ya kwanza, ni kwamba barua hiyo inawanyang'anya kitu pekee mlicho nacho na ubalozi hauna. Masharti ya AGOA yanagusa utawala wa sheria na haki za binadamu. Msaidizi aliyefanya kazi yake atawauliza juu ya vijana waliouawa katika maandamano ya Juni 2024 na juu ya waliotekwa baadaye. Afisa wa serikali ana jibu lake rasmi. Ninyi mnaweza kusema ukweli kama mnavyouona, mkalaani lililo baya, kisha mkaeleza kwa nini mshonaji wa Athi River asilipishwe makosa ya wakubwa. Hoja hiyo inasikika kwa sababu inatoka kwa mtu aliyekubali sehemu ngumu ya swali.

Tena msidhani wanachama wenu wote watakuwa na neno moja. Ethiopia iliondolewa katika AGOA kuanzia tarehe 1 Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray, na katika miezi ile Waethiopia wa Marekani waliwajaza wabunge haohao barua zinazopingana, wengine wakidai hatua kali, wengine wakizipinga. Waliokuwa wakishona nguo Hawassa hawakuwa na kiti katika ugomvi huo. Chama chenu kikiwa na mgawanyiko, chagueni jambo dogo mnalokubaliana wote, na anayetaka kusema zaidi aseme kwa jina lake.

Kuhusu uraia, waondoeni hofu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Anachotakiwa ni kuutangaza uraia huo wa pili ndani ya miezi mitatu, na hili wengi hawalifanyi. Kuzungumza na mbunge wa Marekani hakuhusiani na uraia wa Kenya hata kidogo. Mwenye kadi ya kijani hapigi kura, lakini ana haki ya kusema na kupeleka ombi kwa serikali, na ofisi ya mbunge itamhesabu kuwa mkazi wa jimbo. Kuchangia kampeni ni suala jingine: mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, ila mwanafunzi au mfanyakazi aliyeko kwa viza haruhusiwi, hata dola moja. Yule ambaye hati zake zina utata au kesi yake ya uhamiaji haijaamuliwa asishawishiwe na yeyote kuweka jina lake hadharani kabla hajazungumza na wakili wake wa uhamiaji.

Mhazini wenu ana nusu ya ukweli. Kwanza akahakikishe mmesajiliwa kwa njia ipi, kwa kuwa vyama vingi vya ustawi vimeandikishwa jimboni tu na havijawahi kupata msamaha wa kodi wa serikali kuu. Kama mna msamaha wa vyama vya hisani, marufuku kamili ni kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Kuzungumza na wabunge juu ya sheria kunaruhusiwa kwa kiasi, na chama kinachojaza fomu namba 5768 ya mamlaka ya kodi huwekewa kipimo cha wazi: asilimia 20 ya matumizi yake ya mwaka, kwa chama ambacho matumizi hayo hayazidi dola 500,000. Mkitumia dola 30,000 kwa mwaka, mna nafasi ya dola 6,000, na ziara ya watu wanne kwa gari moja haikaribii hapo. Kanisa haliwezi kutumia njia hiyo ya fomu. Kama chama chenu kiko chini ya kanisa, muulizeni mhasibu anayeshughulikia vyama vya namna hiyo.

Nikiwekwa kwenye mizani, ningewashauri msizigawanye nguvu zenu sawasawa. Kazi kubwa iwe kahawa, mkaangaji na makaratasi ya chakula, kwa sababu hapo mtaona matokeo kabla ya misimu miwili kupita, na kwa sababu mwagizaji wa Minnesota atakayekuwa na kahawa ya Kenya ghalani atakwenda kwa mbunge kuisemea bila kuombwa na mtu. Kazi ndogo iwe ukurasa mmoja juu ya AGOA, mlioandika wenyewe, baada ya kuangalia muswada umefikia wapi wiki hiyo. Minneapolis pia ina udugu wa miji na Eldoret tangu mwaka 2000; udugu huo hauna uwezo wa kugusa ushuru, lakini barua ya mwaliko kutoka kamati yake inaweza kumsaidia mjumbe wa ushirika anayeomba viza ya kuja kuonana na wanunuzi. Kukodisha kampuni ya ushawishi ya Washington ningeiacha kabisa. Fedha zenu zitaisha kabla hawajajifunza kutamka Kirinyaga.

Kwa afisa aliyewaachia barua, mjibuni kwa heshima kwamba mtaandika ya kwenu, kisha mpeni na ninyi barua. Mwelezeni afisa huyo ni muda gani kaka yako husubiri kulipwa tangu apeleke kahawa kiwandani, ushirika wake huhitaji vibali vingapi kabla ya kumuuzia mgeni moja kwa moja, na ni kipi kati ya hivyo kinaweza kuondolewa Nairobi pasipo kumuomba Mmarekani ruhusa. Wekeni tarehe ya kujibiwa, na nakala mtume kwa mbunge wa Kirinyaga.